Nani Aliulizwa Habari za Simba?

Mwishoni mwa miaka ya 1930, wasomaji wa East African Standard, gazeti la walowezi mjini Nairobi, walikuta barua iliyowatia hasira. Mwandishi wake alijiita Mlowezi Mkongwe, na pendekezo lake lilikuwa moja tu: wanyamapori wa Kenya waangamizwe. Watu wakafura. Majibu yakamiminika, kila mmoja akitaka kumtia adabu huyo mzee asiye na haya, na makelele yakafika serikalini hadi ikaundwa kamati ya kushughulikia suala la wanyama. Kumbe barua iliandikwa na Mervyn Cowie, mhasibu mzaliwa wa Nairobi ambaye alikuwa ameisihi serikali itenge mbuga za wanyama asisikilizwe. Aliona kuomba kwa upole hakuleti kitu, basi akajifanya adui. Mwaka 1946 Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi ikatangazwa, ya kwanza nchini, na Cowie akawa mkurugenzi wa mbuga za Kenya. Ujanja wake aliusimulia mwenyewe baadaye.

Ni hadithi tamu, na wengi huisimulia kwa tabasamu. Mimi hunikera kidogo. Umma uliokasirika ule ulikuwa umma wa kununua gazeti la Kiingereza na kuandikia mhariri. Wamaasai waliokuwa wakichunga kwenye nyanda za Athi, ambao simba aliwajia usiku zizini na siyo kwenye ukurasa wa barua, hakuna aliyewauliza. Leo Katiba ya Kenya ya 2010 inataja ushiriki wa wananchi katika kifungu cha 10, na kifungu cha 69 kinaitaka serikali ihimize umma ushiriki katika kusimamia na kulinda mazingira. Maneno mazuri. Ila ukifika kwenye habari ya simba, chui na fisi, lazima uulize kwanza: umma upi?

Turudi nyuma zaidi, maana simba hakuanza akiwa mnyama wa kuhifadhiwa. Mwezi wa Mei 1900, mataifa ya Ulaya yenye makoloni Afrika yalikutana London yakatia saini mkataba wa kulinda wanyama wa bara hili. Mkataba ule ulikuwa na orodha za wa kulindwa, twiga wakiwemo, na orodha nyingine ya wanyama wasumbufu ambao idadi yao ilitakiwa ipunguzwe. Humo utamkuta simba, chui, fisi, mbwa mwitu, nyani, mamba, chatu, na hata fisi maji, maskini, ambaye sijui aliwakosea nini. Mkataba wenyewe haukuwahi kuanza kufanya kazi kisheria kwa sababu si wote waliouidhinisha, lakini mawazo yake yaliingia katika sheria za uwindaji za makoloni. Kwamba mnyama fulani ni mali ya kutunzwa na mwingine ni mhalifu, hilo liliamuliwa mezani, mbali sana na zizi lolote. Miaka arobaini na sita baadaye simba huyohuyo aliyekuwa mhalifu akawa kivutio cha watalii. Hapo pia wenye zizi walikuwa hawajaulizwa.

Na hesabu za maafa nazo zilikuwa na umma wake. Wote tunaijua hadithi ya simba wawili wa Tsavo, waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898 mpaka John Henry Patterson akawaua mwezi wa Desemba. Kitabu chake cha 1907 bado kinasomwa, filamu zimetengenezwa, na simba wenyewe wako Chicago katika jumba la makumbusho la Field, lililowanunua kwa dola 5,000 baada ya ngozi zao kukaa miaka mingi sakafuni kwa Patterson. Kinachonishika mimi katika kitabu kile ni kitu kidogo. Patterson anataja vibarua 28 wa Kihindi waliouawa. Kuhusu Waafrika anasema tu walikuwa wengi, na kwamba hakuna kumbukumbu rasmi iliyowekwa. Wahindi walikuwa na mikataba ya kazi, kwa hiyo kifo cha Mhindi kiliacha pengo kwenye daftari. Mtaita au Mkamba aliyetolewa usiku kwenye kibanda chake hakuacha pengo popote isipokuwa kwao. Watafiti waliopima kemikali za nywele na mifupa ya simba wale, mwaka 2009, walikadiria kwamba walikula watu wapatao 35. Sayansi imefanya inavyoweza, lakini majina haiwezi kuyarudisha.

Basi mbuga zikaja. Wamaasai walikuwa tayari wamesukumwa kusini na mikataba ya 1904 na 1911, na kusini huko ndiko wanyama walikobaki wengi, kwa sababu mfugaji hawindi swala kwa ajili ya chakula. Nenda kaangalie ramani: Nairobi, Amboseli, Maasai Mara, na ng'ambo ya mpaka Serengeti na Ngorongoro. Mtu akivumilia wanyama, ananyang'anywa ardhi kwa sababu ina wanyama. Sijui tuseme hii ni adhabu ya wema au nini.

Amboseli ndiko mambo yalikoharibika waziwazi. Mwaka 1961 hifadhi ilikabidhiwa baraza la wilaya ya Kajiado, na kwa muda wenyeji walikuwa na sauti kidogo na mapato kidogo. Kisha ikaja amri ya rais, na mwaka 1974 kiini chake, pamoja na vinamasi ambavyo ng'ombe walinywesha maji wakati wa kiangazi, kikawa mbuga ya kitaifa. Wafugaji waliahidiwa maji ya bomba nje ya mpaka. Bomba lilijengwa, na baada ya miaka michache likawa halitegemeki. Vijana walijibu kwa lugha waliyokuwa nayo: walichoma mikuki faru na tembo, na simba pia, mizoga wakaiacha palepale ionekane. Hiyo haikuwa njaa wala ujangili. Ukiwauliza watu wa mashirika watakuita ni mgogoro baina ya binadamu na wanyama. Mimi naona ni barua kwa mhariri, iliyoandikwa na watu wasio na gazeti.

Mwaka 1977 uwindaji ukapigwa marufuku nchi nzima, na olamayio, ule uwindaji wa simba ambao morani alijipatia jina na heshima, ukawa kosa la jinai kwa tangazo. Haukuisha. Ulipungua, ukajificha, na sehemu nyingine ukabadilika kuwa kitu kibaya zaidi, maana mkuki unaua simba mmoja lakini sumu haichagui. Dawa ya wadudu ya Furadan ilikuwa ya bei rahisi na ilipatikana dukani. Unaipaka kwenye mzoga wa ng'ombe wako aliyeliwa, unaondoka. Simba anakufa, fisi anakufa, na tai wanaanguka mmoja mmoja kuuzunguka mzoga. Ilichukua mpaka 2009, kelele zilipozidi hata nje ya nchi, ndipo kampuni iliyoitengeneza ikaanza kuiondoa sokoni Kenya.

Hapa katikati ndipo kuna kisa ninachokipenda, na nitakaa nacho kidogo. Mbirikani ni ranchi ya jamii, kati ya Amboseli na milima ya Chyulu. Mwaka 2003 ulianzishwa pale mfuko wa fidia: simba akila ng'ombe wako, unalipwa. Masharti yake yalikuwa ya akili. Kama zizi lako lilikuwa bovu, malipo yanapungua. Na mtu yeyote akiua simba, eneo lake lote linakosa malipo ya kipindi kile, kwa hiyo jirani ndiye anakuwa polisi. Mauaji yalipungua sana. Lakini hayakuisha, na mtafiti Leela Hazzah, aliyekwenda kukaa na watu wa pale, alitaka kujua kwa nini. Jibu lilikuwa wazi kwa kila Mmaasai, ila hakuna aliyewahi kuwauliza. Ng'ombe ni wa mzee. Fidia inakwenda kwa mzee. Mkuki uko kwa kijana, na kijana haongezewi wala kupunguziwa chochote na hiyo fidia. Anachokitafuta yeye ni jina.

Hapo ndipo, mwaka 2007, walipozaliwa walinzi wa simba. Morani waliajiriwa, baadhi yao wakiwa walishaua simba kwa mikono yao, kuwafuatilia simba kwa nyayo na kwa vifaa vya redio, kuwaonya wachungaji wasipeleke mifugo upande fulani, kutafuta ng'ombe na hata watoto waliopotea porini, kuimarisha mazizi, na kwenda kusimama mbele ya kundi la wenzao wanaoondoka na mikuki na kuwaambia ngojeni. Wengi hawakuwa wamesoma. Walijifunza kuandika ili wajaze fomu za kazi. Na waliwapa simba majina ya Kimaasai. Usilione hilo dogo. Zamani kijana alipata jina kwa kuua simba, sasa ni yeye anayempa simba jina, na kumuua simba mwenye jina ambalo rafiki yako amempa ni kazi nyingine kabisa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba fidia ilipunguza mauaji, na walinzi wakayapunguza zaidi.

Sasa tusidanganyane. Hata pale Mbirikani, swali lililoulizwa lilikuwa "tuwahifadhi simba vipi?" Swali la "je, mnawataka simba?" halikuwa mezani, na mfadhili gani angelipia jibu la hapana? Halafu ukoo wa Kimaasai si kitu kimoja. Wazee walisikilizwa zamani, vijana wakaja kusikilizwa. Mwanamke, ambaye ndiye anayekama na ndiye wa kwanza kugundua asubuhi kwamba ndama hayupo, bado nadra utamsikia akinukuliwa. Na mtoto wa miaka tisa anayechunga mbuzi, yule ambaye kwa hakika ndiye anayekutana na simba uso kwa uso, nani amempa kipaza sauti?

Kama mwandishi wa habari nimekaa kwenye mabaraza ya kutosha kujua yanavyokwenda. Hema limesimamishwa, viti vya plastiki, wageni wanachelewa saa tatu. Anasimama mtaalamu na michoro yake, anazungumza lugha iliyotafsiriwa nusunusu. Mzee mmoja anauliza kuhusu mbuzi wake wa mwaka juzi. Anaambiwa swali lake ni zuri sana lakini si la leo. Karatasi ya mahudhurio inazungushwa, watu wanatia saini, soda zinagawiwa. Ile karatasi ndiyo baadaye inaambatanishwa kwenye ripoti kama ushahidi kwamba umma umeshirikishwa. Mbuzi wa mwaka juzi hayumo kwenye ripoti.

Na wakati mwingine hilo swali "lisilo la leo" ndilo lenye jibu lote. Nchini Tanzania, hasa kusini, kati ya 1990 na 2004, simba waliwaua watu 563. Wengi walikuwa wakulima, hawana ng'ombe wa kulipwa fidia. Rufiji ilikuwa na simba mmoja ambaye wanavijiji walimpa jina la Osama. Aliua watu 35 kabla ya kuuawa mwezi wa Aprili 2004, na alipopasuliwa alikutwa na jipu kubwa chini ya jino. Magazeti yalishika habari ya jino. Lakini Craig Packer na wenzake, wakiwemo Watanzania Dennis Ikanda na Bernard Kissui, walipowauliza wanavijiji walikumbana na mnyama mwingine kabisa: nguruwe mwitu. Nguruwe wanakula mazao, kwa hiyo wakati wa mavuno mkulima analala shambani, kwenye dungu au kibanda cha makuti, kuyalinda. Simba anawafuata nguruwe, anamkuta mtu. Ukitaka kupunguza vifo, anza na nguruwe. Jambo hilo mkulima alilijua siku zote. Alikuwa akienda ofisini kulalamikia nguruwe, anaonekana hana la kusema.

Nairudia Nairobi, kwa sababu pale ndipo umma wa aina mbili unagongana kila siku. Mbuga ya Cowie ina kilomita za mraba 117 tu na imezungushiwa ua pande tatu. Upande wa kusini, kwenye mto Mbagathi, uko wazi, na simba huvuka kwenda Kitengela. Zamani huko kulikuwa na ranchi ya pamoja; ikagawanywa, kila mtu na hati yake, na viwanja vikauzwa. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye ardhi kama dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasijenge ua wala kuuza. Wengine waliingia kwa moyo wote. Lakini piga hesabu mwenyewe: dola nne, na upande wa pili kuna dalali wa viwanja na simu yake.

Mwezi wa Juni 2012, simba sita, majike na watoto wao, waliuawa kwa mikuki huko Kitengela baada ya kuingia zizi la mbuzi. Askari wa KWS walikuwepo, hawakuweza kuwazuia watu. Nairobi ililia. Mwaka uliofuata dunia nzima ilimpigia makofi Richard Turere, kijana wa miaka 13 wa upande huohuo wa mbuga, aliyebuni taa za kumulikamulika zinazomfanya simba adhani kuna mtu anatembea na tochi. Alitumia betri ya gari na sehemu za pikipiki. Sikiliza vizuri: ufumbuzi ulitoka kwa mtoto aliyepewa jukumu la kulinda ng'ombe wa baba yake, na hakuna kikao chochote cha wadau kilichomwita. Machi 2016, simba dume aliyejulikana kama Mohawk alitoka mbugani akafika Isinya, akamjeruhi mtu, akapigwa risasi na askari. Mtandaoni watu walidai haki kwa Mohawk. Yule aliyejeruhiwa hakupata kampeni.

Na mwaka 2020, KWS ilipotoa rasimu ya mpango wa miaka kumi wa mbuga hii, wenye mambo ya ua na hoteli ndani yake, umma uliombwa maoni katikati ya korona, mikutano ikiwa imekatazwa. Wenye intaneti wakatoa maoni. Ni kweli walisaidia, waliupinga ua kwa nguvu, na siwabezi hata kidogo. Ila ua ule ungepita baina ya simba na nani? Mtu wa Kilimani na mtu wa Kitengela hawakuwa na sauti sawa mwezi ule.

Utasema basi tupige kura, yaishe. Wenzetu walipiga. Mwezi wa Novemba 2020, jimbo la Colorado nchini Marekani liliwauliza wapiga kura kama mbwa mwitu warudishwe (wale wa kaskazini, si hawa wetu wenye madoa, jina tu limegongana). Asilimia 50.9 wakasema ndiyo. Kura nyingi za ndiyo zilitoka miji ya mashariki, Denver na Boulder, na sheria yenyewe ilisema mbwa mwitu waachiliwe magharibi, kwa wafugaji, ambako wilaya nyingi zilisema hapana. Desemba 2023 wakaachiliwa. Majira ya kuchipua yaliyofuata ndama wakaanza kuliwa. Kura ilikuwa huru na ya haki, hakuna aliyeiba hata moja. Na bado mfugaji wa kule angeelewana na mzee wa Kitengela bila mkalimani.

Sisi umma wetu wa mjini umevuka hata mipaka ya nchi. Cecil alipouawa Zimbabwe mwaka 2015, kijana wa Kizimbabwe aliyekuwa akisoma Marekani, Goodwell Nzou, aliandika katika New York Times kwamba kwao hawamlilii simba, maana yeye alikulia kwa hofu ya simba. Alishambuliwa kwelikweli. Machi 2023 wabunge wa Uingereza walipitisha muswada wa kuzuia nyara za uwindaji kuingizwa nchini mwao. Ulikwama baadaye kwa Malodi. Sipendi uwindaji wa kitalii, niseme wazi. Lakini mjumbe anayetafuta kura za wapenda paka huko Uingereza anajadili mustakabali wa vijiji vya Botswana na Namibia, na viongozi wa vijiji hivyo wanalazimika kuandika barua wakiomba wasikilizwe. Barua tena.

Mei 2023, huko Olkelunyiet, Kajiado, simba aliyeitwa Loonkito aliingia boma usiku akitafuta chakula akachomwa mikuki. Alikuwa na miaka 19, umri ambao simba dume wa porini karibu hafiki. Alikuwa ameshadhoofika. Katika muda wa wiki moja simba kumi waliuawa eneo lile. Vyombo vya habari vya dunia viliandika tanzia ya Loonkito, na mimi pia niliisoma hadi mwisho: ukoo wake, himaya yake, picha zake za ujanani. KWS ilikwenda kuzungumza na jamii. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema mtu akiuawa na mnyama familia ilipwe shilingi milioni 5, na mifugo nayo ina fidia yake, ingawa madai mengi yamekaa miaka bila kulipwa. Kiangazi kilikuwa kimetoka kuisha wakati ule, kiangazi kirefu kilichomaliza ng'ombe wengi Kajiado. Mbuzi waliobaki ndio waliokuwa ndani ya mazizi yale.